Euler: Gwiji asiyeona aliyethibitisha kwamba 2,147,483,647 haigawanyiki

TUSEME leo ni Januari mosi na umeamua kuweka akiba. Unatia shilingi moja kwenye mkebe. Kesho yake unatia mbili, keshokutwa nne, siku inayofuata nane, yaani kila siku unatia maradufu ya ulichotia jana. Wiki ya kwanza ni mteremko, kwa sababu siku ya saba unatoa Sh64 pekee. Lakini kufikia Januari 15 mkebe unakudai Sh16,384 kwa siku moja, na Januari 31, wakati mifuko ya wengi imeshatoboka, unatakiwa kutia zaidi ya Sh1 bilioni. Ukiuvunja mkebe usiku huo utakuta Sh2,147,483,647 kamili.

Sasa tuulize swali la chama. Je, pesa hizo zinaweza kugawanywa sawasawa kwa wanachama, kila mmoja apate shilingi nzima na isibaki hata moja? Mkiwa wawili, inabaki shilingi moja. Mkiwa watatu, inabaki moja. Mkiwa watano, zinabaki mbili. Mkiwa 13, zinabaki kumi. Mkiwa 1,000, zinabaki 647. Endelea hivyo hivyo na utachoka, maana hakuna kikundi kitakachofaulu. Labda mtu mmoja achukue zote, au wajitokeze watu 2,147,483,647 kila mmoja achukue shilingi yake.

Nambari ya namna hiyo, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa nambari tasa. Umeshazoea zile ndogo: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Ila kusema kwamba nambari ya bilioni mbili na ushei ni tasa ni jambo jingine kabisa. Umejuaje? Nani amejaribu vikundi vyote?

Aliyelijibu swali hilo alikuwa mzee wa miaka 60 na zaidi, aliyeishi St Petersburg, Urusi, na ambaye macho yake yalikuwa karibu yamezima kabisa. Aliitwa Leonhard Euler. Safari yake na nambari hii ilichukua miaka 40, na ndani yake kuna somo ambalo watu wengi hawalipati darasani.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa Aprili 15, 1707, mjini Basel, Uswisi. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa na alitaka kijana wake afuate nyayo zake. Lakini baba huyo huyo ndiye aliyemfundisha hesabu za kwanza, kwa kuwa enzi zake za chuo alisomeshwa na Jakob Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama hizo. Unaweza kusema mzee aliuwasha moto mwenyewe halafu akashangaa kuona moshi.

Akiwa na miaka 13 Euler alijiunga na Chuo Kikuu cha Basel. Huko akamwendea Johann Bernoulli, ndugu yake Jakob. Johann alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi na hakukubali kumfundisha faragha. Badala yake alimpa vitabu vigumu avisome peke yake, na kila Jumamosi alasiri akamruhusu kuja na maswali yaliyomshinda. Euler alijitahidi wiki nzima ili maswali yawe machache iwezekanavyo. Mpango huo ulimfaa kuliko masomo ya ziada ya kila siku. Hatimaye Bernoulli mwenyewe akamshawishi Paul amwachie kijana njia ya hisabati.

Kazi haikupatikana nyumbani. Aliomba nafasi ya kufundisha fizikia chuoni Basel akaikosa, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Basi akafunga mizigo. Mwaka wa 1727 akafika St Petersburg, ambako Urusi ilikuwa imefungua Akademia mpya ya Sayansi na kukusanya wasomi kutoka kila pembe ya Ulaya. Kufikia 1733 ndiye aliyekuwa profesa wa hisabati hapo, na mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walijaliwa watoto 13, lakini watano tu ndio waliopita umri wa utoto. Inasemekana alizoea kufanya hesabu akiwa na mtoto mapajani na wengine wakicheza miguuni pake.

Barua iliyomchokoza

Desemba 1729 Euler alipokea barua kutoka kwa rafiki yake Christian Goldbach. Goldbach alimuuliza kama anajua dai moja la Pierre de Fermat, wakili Mfaransa aliyefariki 1665 na ambaye alifanya hisabati kama burudani. Fermat aliamini amepata kiwanda cha nambari tasa. Chukua 2 uongeze 1, unapata 3. Zidisha mbili mbili, yaani 2 mara 2, uongeze 1, unapata 5. Zidisha mbili nne uongeze 1, unapata 17. Mbili nane zinakupa 257. Mbili 16 zinakupa 65,537. Zote hizo ni tasa. Fermat akaamini mtindo huo hautakatika, ingawa hakuwa na uthibitisho.

Inayofuata inahitaji mbili 32, nayo ni 4,294,967,297. Hiyo ni kubwa mno kuijaribu ovyo ovyo, na jina la Fermat lilikuwa zito. Mwanzoni Euler hakulichangamkia swali hilo. Lakini lilimkereketa, na mwaka wa 1732, akiwa na miaka 25, akaonyesha kwamba nambari hiyo inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Dai la Fermat likaanguka.

Aliipataje 641? Uthibitisho alioutoa baadaye unaonyesha njia. Kitu chochote kilicho tasa na kinachoigawanya nambari ile lazima kiwe zao la 64 pamoja na 1. Zikague nambari hizo kwa mpangilio, uachane na zisizo tasa: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, mchezo umekwisha! Mtu asiyejua kanuni hiyo angeanza na 3, 5, 7, 11 na kupitia nambari tasa zaidi ya mia moja kabla ya kufika hapo.

Orodha za wakubwa

Sasa turudi kwenye mkebe wetu. Ukizidisha mbili 31 halafu ukatoa 1 unapata 2,147,483,647. Nambari za aina hii, yaani mbili kadhaa zilizozidishwa kisha ukatoa 1, zilikuwa zikiwasumbua watu tangu zama za Wagiriki wa kale, kwa sababu zinahusiana na nambari kamilifu. Nambari kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe unairudisha yenyewe. Mfano ni 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Mwingine ni 28, ambayo ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Euclid alionyesha kwamba kila nambari tasa ya aina ya mkebe wetu inazaa nambari kamilifu moja.

Basi watu wakaanza kutoa orodha. Mwaka wa 1603 Mwitaliano Pietro Cataldi alichapisha dai kwamba mbili 17, 19, 23, 29, 31 na 37, ukitoa 1, zote zinatoa nambari tasa. Mbili za kwanza alizikagua kwa jasho na akapatia. Nyingine alizitaja tu. Fermat alikuja kuonyesha kwamba 23 na 37 ni makosa, maana mbili 23 ukitoa 1 ni 8,388,607, nayo inagawanyika kwa 47. Kisha mwaka wa 1644 Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeandikiana barua na wasomi wa Ulaya nzima, akatoa orodha yake iliyofika hadi 257. Hadi leo nambari hizi zinaitwa kwa jina lake, lakini orodha yenyewe ilikuwa na kasoro: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa.

Kwa hiyo 31 ilikuwa kwenye orodha zote mbili, ya Cataldi na ya Mersenne, bila mtu yeyote kuithibitisha. Iliaminiwa kwa sababu wakubwa wamesema.

Na Euler? Akiwa kijana naye alitumbukia humo humo. Alionyesha kwamba 29 haifai, kwani nambari yake, 536,870,911, ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Hapo alifanya kazi safi. Lakini katika makala yale yale ya 1732 akatoa orodha yake ambayo ndani yake kulikuwa na 31, na pia 41 na 47. Hizo mbili za mwisho ni makosa.

Kinachomtofautisha na wengine ni alichofanya baadaye. Oktoba 1752, akiwa Berlin, alimwandikia tena Goldbach kwamba yeye anazijua nambari kamilifu saba tu, zile za 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19. Kuhusu 31 hakuwa na uhakika. Alikuwa ametafuta kigawo hadi 2,000 hakuona kitu, lakini kutoona hakukuwa uthibitisho. Hapo alikuwa mwanahisabati maarufu kuliko wote Ulaya, mwenye miaka 45, na aliliondoa dai lake mwenyewe la ujanani kwenye rafu. Wangapi wetu tungefanya hivyo?

Giza linaingia

Macho ya Euler yalianza kumsaliti mapema. Kufikia 1738, baada ya kuugua, jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza uwezo wa kuona. Yeye alilaumu kazi ya kuchora ramani aliyokuwa akiifanyia Akademia. Mwaka wa 1741 alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick II wa Prussia, akakaa huko miaka 25. Mfalme huyo alipenda watu wa maneno matamu na mizaha ya kasri. Euler alikuwa mcha Mungu na mtu wa familia, asiyejua mbwembwe. Frederick akafikia kumkejeli kwa jicho lake moja, akimfananisha na lile jitu la hadithi za Kigiriki lenye jicho moja katikati ya paji la uso.

Mwaka wa 1766 Euler akarudi St Petersburg, ambako Malkia Catherine II alimpokea kwa heshima. Lakini muda si mrefu jicho la kushoto nalo likafunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 alifanyiwa upasuaji. Kwa siku chache akaona tena, kisha jicho likaingiwa na maambukizi na giza likarudi, safari hii likiwa la kudumu. Mwaka huo huo moto mkubwa uliteketeza mamia ya nyumba mjini, ya Euler ikiwemo. Peter Grimm, fundi kutoka Basel, aliingia ndani akambeba mzee begani na kumtoa. Karatasi zake nyingi zikaokolewa. Mwaka wa 1773 mkewe Katharina akafariki.

Mtu mwingine angesema basi, imetosha. Euler yeye aliongeza kasi. Karibu nusu ya kazi zake zote ni za miaka hii ya pili ya Urusi. Alikuwa na wasaidizi waliomwandikia, akiwemo mwanawe Johann Albrecht, na yeye akisema tu. Kitabu chake cha aljebra, ambacho kilisomwa Ulaya kote, alikitoa kwa mdomo na kuandikwa na kijana aliyekuwa fundi cherehani. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alipokuwa akiandika, aliielewa aljebra yenyewe. Kumbukumbu ya Euler nayo ilikuwa si mchezo. Inaelezwa kwamba usiku mmoja usingizi ulipokataa, alijipigia kichwani vipeo sita vya kwanza vya nambari zote hadi 20, na siku kadhaa baadaye bado aliweza kuvitaja.

Ni katika kipindi hicho, mwaka wa 1772, ndipo alipoandika barua kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli aliyekuwa Berlin, akieleza kwamba sasa ana uhakika: 2,147,483,647 ni tasa.

Punguza kazi kwanza

Hebu tuone alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Ukianza bila kufikiri, una nambari zaidi ya bilioni mbili za kujaribu. Jaribu moja kila sekunde, usilale, na itakuchukua zaidi ya miaka 60.

Hatua ya kwanza ya kupunguza inajulikana na kila mwalimu wa hesabu. Ikiwa nambari inagawanyika katika sehemu mbili, sehemu moja lazima isizidi kipeuo cha pili cha nambari hiyo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 hakifiki 46,341. Kwa hiyo zaidi ya hapo huna haja ya kwenda. Kutoka bilioni mbili umeshuka hadi elfu 46.

Hatua ya pili: jaribu nambari tasa pekee. Kama 3 haigawanyi, 9 na 15 hazina nafasi. Sasa umebaki na nambari karibu 4,800. Bado ni nyingi kwa mtu anayegawanya kwa kalamu ya manyoya, achilia mbali mtu asiyeiona kalamu yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo ya kigwiji. Chukua mfano mdogo: mbili 11 ukitoa 1 ni 2,047, nayo inagawanyika kwa 23. Anza na 1, uzidishe kwa 2 kila mara, na ukivuka 23 bakisha kinachobaki baada ya kugawanya kwa 23. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha unarudi kwenye 1. Ni kama matatu inayozunguka mjini yenye vituo 11, ikimaliza ya mwisho inarudi stejini. Fermat alikuwa ameshagundua kwamba ukipiga hatua 22, yaani moja pungufu ya 23, lazima uwe umerudi mahali ulipoanzia. Kwa hiyo hatua 22 ni mizunguko mizima ya hiyo matatu. Na kweli, 22 ni mizunguko miwili ya 11.

Ilete hoja hiyo kwenye mkebe wetu. Tuseme kuna nambari tasa inayoigawanya 2,147,483,647. Basi matatu yake ina vituo 31, na kwa vile 31 yenyewe ni tasa hakuna njia ya mkato katikati. Hiyo nambari ukiitoa 1, kinachobaki lazima kiwe mizunguko mizima ya 31. Na kwa kuwa nambari hiyo si shufwa, ukitoa 1 unapata shufwa. Kwa hiyo lazima iwe zao la 62 pamoja na 1. Nyingine zote, tupa. Kutoka elfu 46 unabaki na nambari 747 tu, hata kabla ya kuchuja zisizo tasa.

Euler hakuishia hapo. Alitumia kanuni nyingine inayosema kwamba kigawo cha namna hiyo, ukikigawanya kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Ukiziunganisha kanuni hizo mbili, zinazobaki ni nambari ambazo ukizigawanya kwa 248 zinabakisha 1 au 63. Hizo hazizidi 373 hadi kufikia kikomo chetu, na ukichukua zilizo tasa pekee, hazifiki hata 100.

Ona maajabu yake. Nambari ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 311. Haigawanyi, inabakisha 35. Inayofuata ni 1,303. Kisha 1,489. Nambari tasa zote zilizo katikati, kama 313, 317, 331 na nyingine nyingi, huna haja hata ya kuziangalia. Tayari unajua haziwezi. Zikamalizwa zote hadi karibu na 46,340 na hakuna hata moja iliyoingia. Shauri likaisha.

Hili ndilo somo la miaka 40 ya Euler. Kijana wa 1732 aliamini. Mtu mzima wa 1752 alikiri kwamba hajui. Mzee wa 1772, ambaye asingeweza kuhesabu kwa macho, aliifanya kazi iwe ndogo kiasi cha kumalizika. Wengi wetu tukipewa swali gumu tunakimbilia kugawanya. Yeye aliuliza kwanza: ni majibu gani hayawezekani hata kabla sijaanza?

Haina faida yoyote?

Kwa kuthibitisha hilo Euler alipata nambari kamilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128. Pia alithibitisha kwamba kila nambari kamilifu iliyo shufwa lazima izaliwe kwa njia ya Euclid, ingawa kazi hiyo ilichapishwa miongo kadhaa baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu nambari hiyo kamilifu akidhani haitapatikana kubwa zaidi yake. Hoja yake haikuwa kwamba haiwezekani, ila kwamba vitu hivyo ni vya kuchekesha akili tu, havina faida, na nani atajisumbua? Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu barua ya Euler, lakini mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas akajisumbua, akathibitisha kwamba mbili 127 ukitoa 1 ni tasa. Nambari hiyo ina tarakimu 39.

Na faida nayo ikaja kwa mlango ambao Barlow asingeuota. Kompyuta huhifadhi nambari kwa alama mbili tu, 0 na 1. Kwa miaka mingi nambari nzima ilipewa nafasi 32. Nafasi moja inaonyesha kama nambari ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zikijaa zote, nambari kubwa kabisa inayotoshea ni 2,147,483,647, yaani mkebe wetu wa Januari. Ukiongeza moja, kaunta inapinduka na kuwa hasi. Ndiyo maana mwishoni mwa 2014, video ya Gangnam Style ya msanii Psy ilipokaribia kutazamwa mara nyingi hivyo, YouTube ilieleza kwamba imeongeza ukubwa wa kaunta yake.

Hapo ukubwa wake ndio unaohusika. Lakini hata utasa wake una kazi. Programu nyingi za kutoa nambari za bahati nasibu zimejengwa juu ya kugawanya kwa 2,147,483,647 na kuchukua kinachobaki, na kwa kuwa ni tasa, mzunguko unapita karibu nambari zote kabla ya kujirudia. Ni ile ile hoja ya matatu na vituo vyake. Hoja hiyo Euler aliipanua hata kwa nambari zisizo tasa, na kanuni yake ndiyo msingi wa mfumo wa kuficha siri uitwao RSA, ambao ulibuniwa miaka ya mwisho ya 1970 na baadaye ukaja kulinda mawasiliano ya intaneti.

Siku ya mwisho

Septemba 18, 1783, Euler aliamka kama kawaida. Alimpa mjukuu wake somo la hesabu, akapiga hesabu za kupaa kwa mabaluni, na wakati wa chakula akazungumza na wenzake juu ya njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla. Jioni, akiwa na kiko mkononi, mshipa ulipasuka kichwani. Akafariki usiku huo akiwa na umri wa miaka 76. Aliacha kazi zaidi ya 800, na Akademia ya St Petersburg ikaendelea kuchapisha makala yake kwa miongo kadhaa. Ukiandika f(x) kwenye daftari lako, unaandika kwa mtindo wake.

Nambari yake bado inatusubiri mbele. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970, saa sita za usiku kwa saa za Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itagonga Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa za Kenya itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na sekunde saba juu. Mashine yoyote ambayo bado inatumia nafasi 32 itapinduka na kudhani imerudi Desemba 1901. Wahandisi wa dunia nzima wanaendelea kuzibadilisha moja moja kabla ya siku hiyo kufika. Kijana aliye sekondari leo atakuwa mtu mzima kazini asubuhi hiyo, na huenda mojawapo ya mashine hizo itakuwa mikononi mwake.